Masurufu ya Siku Sita

Masurufu ya safari hupimwa kwa mambo mawili: urefu wa njia na uchache wa msaada. Msafiri aendaye kwa jamaa zake, katika nchi yenye visima na masoko, aweza kutoka nyumbani na fimbo yake na nguo aliyovaa, kwa kuwa asichokuwa nacho atakipata mbele. Lakini aendaye mahali ambapo chombo chake kikiharibika hapana mtu mwingine aruhusiwaye kukishika, huyo yampasa afikiri mara mbili kabla ya kufunga mzigo. Akichukua kidogo atapungukiwa, na akichukua kingi mzigo wenyewe utamwangusha. Kati ya upungufu na wingi ipo njia nyembamba, na kuijua njia hiyo ni elimu kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Liko shindano moja la pikipiki ambalo limeifanya elimu hiyo kuwa kiini chake. Lilianza mwaka 1913 katika mji wa Carlisle, kaskazini ya Uingereza, likaitwa International Six Days Trial, yaani Jaribio la Kimataifa la Siku Sita. Hadi leo lingali likiendeshwa, ingawa tangu mwaka 1981 neno Enduro limeshika mahali pa neno Trial. Halina makao, huhama kutoka nchi hata nchi. Kwa miaka mingi lilizunguka Ulaya tu, kisha likavuka bahari likafika Marekani mwaka 1973 na Australia mwaka 1992. Kwa siku sita mfululizo waendeshaji hupita katika misitu, vijito, mawe, mchanga na matope, na kila kituo wapaswa kufika kwa saa iliyoandikwa. Asili ya shindano haikuwa kumtafuta mwenye mbio kupita wote. Ilikuwa kuvijaribu vyombo na watu wake, ijulikane ni kipi kitadumu na ni nani atakidumisha.

Sheria zake ni nyingi, lakini zilizo mama wa nyingine ni tatu. Ya kwanza, kazi yote ya kutengeneza chombo njiani ni ya mwendeshaji mwenyewe. Fundi stadi wa kiwanda aweza kusimama kando, akaiona nati iliyolegea, akaijua dawa yake, na mikono yake ikabaki mifukoni. Ya pili, sehemu kubwa za pikipiki, mathalan fremu na maganda ya injini, hutiwa alama kabla ya kuondoka, ili zile zilizoanza safari ndizo ziimalize. Ya tatu, kila jioni pikipiki zote hufungiwa katika ua wenye walinzi, na hapana awezaye kuzigusa mpaka asubuhi. Mwendeshaji hulala na wasiwasi wake upande mmoja wa ua, na pikipiki hulala na ubovu wake upande wa pili. Kulipokucha hupewa dakika chache tu za kushughulika. Katika kanuni za siku hizi dakika hizo ni 10 kabla ya kuondoka na 15 baada ya kurudi jioni, na ndani ya dakika hizo lolote lifanyikalo hufanywa na mikono miwili.

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa mtazamo wa kwanza sheria hizi zaonekana kuipinga methali hiyo, kwa maana zamtenga mtu na wenziwe saa ile ile ya kuwahitaji. Lakini atazamaye vizuri ataona kwamba methali haikuvunjwa. Imesogezwa wakati wake. Sheria hukataza mikono ya wengine katika siku sita. Haikatazi mikono hiyo katika miezi sita iliyotangulia. Basi kujiandaa kwa jaribio hili ni kuuchukua msaada wa watu wote mapema, msaada wa fundi, wa mwalimu, wa mwenzi aliyekwisha kushiriki, na kuugeuza uwe maarifa ndani ya mikono ya mtu mmoja. Akiba ya namna hiyo haiozi, na tena haina uzito.

Kazi huanza karakanani. Pikipiki itokayo dukani, hata iwe ya thamani gani, imetengenezwa kwa mtu ambaye siku ya ubaya ataipeleka kwa fundi. Ya Siku Sita yapasa itengenezwe upya kwa mtu ambaye siku ya ubaya yeye ndiye fundi, naye ana matope usoni, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na saa inakwenda. Mabadiliko yake ni madogo, wala hayapendezi machoni, lakini kila moja lina akili yake. Waya wa klachi ni kitu kikatikacho. Kuuvuta waya mpya kutoka mwanzo hadi mwisho wakati chombo kimelala porini ni kazi ya kumtoa mtu machozi. Kwa hiyo waya wa pili hulazwa kando ya ule wa kwanza tangu nyumbani, ukafungwa kwa utepe, na ncha zake zikazibwa zisiingie uchafu. Wa kwanza ukikatika, wa pili upo tayari mahali pake; hubaki kuunganisha ncha mbili tu. Kadhalika vishikio vya breki na klachi havikazwi kwa nguvu zote juu ya usukani. Huachwa na ulegevu kidogo, ili pikipiki ianguapo vizunguke badala ya kuvunjika. Chuma kisichojua kukubali pigo huvunjwa na pigo la kwanza, na labda hilo ni kweli kwa wengi wasio chuma.

Vivyo hivyo kwa magurudumu. Kwenye ekseli waandaji wengi wa zamani waliunga kipande cha chuma kiwe mkono wa kudumu, ili gurudumu litoke bila kutafuta spana. Nati za ukubwa mbalimbali zilibadilishwa, kila ilipowezekana, ziwe za ukubwa mmoja au miwili, ili spana mbili zifanye kazi ya spana nane. Plagi za akiba zilipewa kishikio chao penye fremu, mahali ambapo mkono unaweza kuzifikia hata gizani. Kipande cha kuungia mnyororo kilifungwa mahali pake, na mwenyewe alipajua. Katika maandalizi haya yote mna kanuni moja: kila kitu kiwe karibu na mahali kitakapotumika, na kila tendo lipunguzwe mpaka libaki lile lisiloweza kupunguzwa.

Hapo ndipo linapokuja suala la zana za kuchukua, na ndipo mwanafunzi hujulikana mbali na mwalimu. Mwanafunzi hutandika turubai sakafuni akapanga juu yake kila anachoweza kukihitaji: spana za kila namba, koleo, bisibisi tatu, nyundo, tupa, vyuma vya kung'olea tairi, mipira ya ndani, viraka, gundi, pampu, nati za kila aina, waya, taa, na dawa za jeraha. Akimaliza hutazama rundo lake kwa furaha, kama mtu aliyekwisha kushinda. Kisha hulipakia, na pikipiki ambayo jana ilikuwa nyepesi kama mbuzi leo imekuwa nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Juu ya mteremko wa mawe, uzito ule ule alioufunga kwa ajili ya kumwokoa ndio utakaomvuta chini.

Mwalimu hufanya kinyume chake. Naye hutandika turubai, naye hupanga. Lakini akiisha kupanga huanza kuondoa. Kila chombo hukiuliza maswali matatu. Je, ubovu unaotengenezwa nawe waweza kutokea kweli, au ni ndoto ya woga? Je, ukitokea, mikono yangu yajua kukutumia pasipo kufikiri? Je, hapana kingine hapa chenye kazi yako na kazi nyingine pia? Asiyejibu vema maswali hayo hubaki nyumbani. Kinachosalia mara nyingi hutoshea katika mkoba mmoja wa kiunoni na mfuko mdogo juu ya kiti. Hata utepe haubebwi mzima. Huzungushwa mapindi machache juu ya mpini wa pampu au kipande cha bomba, kwa sababu hapana atakayehitaji utepe wote kwa siku moja.

Ni katika kuondoa huku ndiko moyo wa mtu hupimwa. Kuongeza ni rahisi, kwa kuwa kila kitu kinachoongezwa hunyamazisha hofu moja. Kuondoa ni kuikaribisha hofu hiyo na kuiambia: nimekuona, nimekupima, nimekubali uwezekano wako, nami nitakwenda hivyo hivyo. Aondoaye spana moja ameamua ni msiba gani atauvumilia bila dawa. Basi maandalizi ya kweli si wingi wa vitu alivyonavyo mtu. Ni uamuzi wa mapema juu ya vitu atakavyokubali kuvikosa, uamuzi uliofanywa kwa akili tulivu ndani ya karakana, ili usije ukafanywa kwa hasira juu ya mlima.

Lakini zana iliyochaguliwa vema ni chuma bubu ikiwa mikono haikufundishwa. Mfano mkubwa ni tairi. Kung'oa tairi gumu kutoka katika rimu na kutia jingine ni kazi ambayo mtu wa kawaida huifanya kwa nusu saa, huku akitukana. Katika Siku Sita wazoefu huimaliza kwa dakika chache. Hapo zamani walitia mpira wa ndani na kuujaza kwa chupa ndogo ya hewa iliyoshindiliwa. Siku hizi wengi hutia ndani ya tairi duara la sponji nzito lisilojua kutoboka, nalo huleta taabu yake, kwa maana ni gumu kuingia kuliko mpira wenye hewa. Wepesi wao hautoki katika nguvu za mabega. Hutoka katika marudio. Yule aonekanaye akibadili tairi kana kwamba anavua kofia, amelibadili mara mia nyuma ya nyumba yake, pasipo mtazamaji wala makofi. Amejifunza pa kuweka goti, pa kutia sabuni, na upande gani wa tairi utangulie kuingia bondeni mwa rimu. Watazamaji huona dakika tano; hawaoni mwaka mzima uliofichwa ndani ya dakika hizo.

Baada ya chuma huja hesabu. Kila siku ya jaribio ina vituo, na kila kituo kina dakika yake. Achelewaye dakika moja huandikiwa adhabu ya dakika hiyo, na apitaye kiasi kilichowekwa hutolewa katika shindano. Hata kuwahi kabla ya wakati huadhibiwa. Basi mwendeshaji mwenye busara hutengeneza kikaratasi kidogo chenye saa za vituo vyote, hukigandisha juu ya tangi au usukani, na huhesabu kwa namna hii: petroli yatosha kilomita ngapi, mahali pa kujaza pako wapi, na kati ya kituo na kituo zimebaki dakika ngapi za mkononi. Dakika hizo za mkononi ndizo mali yake pekee. Akizipata kwa kwenda vizuri penye njia nzuri, aweza kuzitumia kukaza mnyororo au kutazama spoki. Akizipoteza kwa pupa ya kuanguka na kuinuka, chombo chake kitadai matengenezo naye hana cha kukilipa. Ni biashara halisi, na wafilisikao huwa wengi.

Kisha uko mwili, ambao wengi huukumbuka mwisho. Wapo waliofika mstari wa kuondokea na pikipiki isiyo na dosari, wakashindwa siku ya pili kwa malengelenge ya viganja. Mwili nao hutaka kuandaliwa kama chuma: mikono izoezwe kusimamia usukani saa saba au nane, miguu izoee kusimama juu ya vikanyagio, tumbo lizoee kula kidogo na mara nyingi. Mavazi yana sehemu yake. Mwaka 1936 nyumba ya Barbour ya Uingereza ilitengeneza vazi la nguo iliyopakwa nta kwa ajili ya jaribio hili hasa, nalo likachukua jina la International kutoka kwake. Mvua za Ulaya ya kaskazini zilikuwa zimewafundisha watu kwamba mwendeshaji aliyelowa hufikiri polepole, na afikiriye polepole hukosea penye njia panda.

Wala asidhani mtu kwamba mwili unaotakiwa ni ule wa pahalwani. Mwaka 1927, jaribio lilipofanyika Ambleside nchini Uingereza, timu ya wanawake watatu wa nchi hiyo, akiwamo Marjorie Cottle, ilitwaa kombe la International Vase mbele ya timu za wanaume. Wakati huo wako wengi walioamini kuwa chombo kile si cha mwanamke hata kidogo. Lakini jaribio halikuuliza mwenye mabega mapana ni nani. Liliuliza nani ameandaa vizuri, nani amehesabu vizuri, na nani amekitunza chombo chake siku sita. Penye maswali ya namna hiyo ubavu una kura moja tu, na utaratibu una kura nyingi.

Nje ya mwendeshaji na chombo chake kuna safari kubwa zaidi, ambayo ndiyo hula fedha na usingizi. Kabla ya siku ya kwanza, pikipiki lazima ivushwe mipaka, hati za forodha zitimie, malazi yapatikane karibu na ua, na gari la wasaidizi lijue njia ya kufika vituoni. Wasaidizi hawa, ingawa hawagusi pikipiki, hawaketi bure. Hutoa maji, matunda, miwani kavu, glavu safi, na neno la moyo. Na kwa kanuni za siku hizi waweza kumpa mwendeshaji mafuta na vipuri vile vinavyoruhusiwa, akavifunga mwenyewe. Msaidizi mwema ni yule aliyekwisha kufungua kifuniko cha chupa kabla mwendeshaji hajafika. Msaidizi mbaya ni yule aulizaye habari za njia wakati dakika zinakwisha. Tofauti kati yao ni maandalizi yale yale, ila ya mtu mwingine.

Tena mwandaaji hukumbuka njia ya kurudi. Habari ya mwaka 1939 yatosha kuwa onyo. Jaribio la mwaka huo lilifanyika Salzburg, katika Austria iliyokuwa imekwisha kutiwa chini ya Ujerumani, mwishoni mwa mwezi wa Agosti. Waingereza walikuwako, na baadhi ya waendeshaji wao walikuwa askari. Siku sita hazijatimia, habari za vita zikawa nzito, wakaitwa warudi. Waliacha medali zilizokuwa karibu mikononi mwao, wakashika njia kuelekea Uswisi. Tarehe 1 Septemba vita vikaanza, na matokeo ya jaribio lile baadaye yalifutwa. Saa ile spana na tairi za akiba zilikuwa vitu vya pili. Vya kwanza vilikuwa petroli ya kufika mpakani, hati zilizo sawa, na chombo ambacho, baada ya siku za mateso, kingali kikikubali kuwaka. Mtu aliyetayarisha pikipiki yake ishinde alijikuta ameitayarisha imwokoe.

Hata hivyo lazima isemwe wazi kwamba maandalizi yana mwisho wake. Mwezi wa Septemba mwaka 1964 jaribio lilifanyika Erfurt, Ujerumani ya Mashariki. Marekani ilipeleka timu, na mmojawapo alikuwa Steve McQueen, mchezaji wa sinema aliyejulikana duniani kote. Pamoja naye walikuwako ndugu wawili, Bud na Dave Ekins, na Cliff Coleman, na John Steen. Walipanda pikipiki za Triumph zenye injini za sentimita za ujazo 500 na 650, vyombo vyenye nguvu na vizito, na McQueen ndiye aliyeibeba bendera ya nchi yake siku ya ufunguzi. Siku ya tatu Bud Ekins alivunjika mguu. Siku hiyo hiyo McQueen naye alianguka, na safari yake ikakoma. Dave Ekins na Coleman walivumilia mpaka mwisho wakapata medali za dhahabu. Ushindi mkuu wa mataifa ulichukuliwa na wenyeji, Wajerumani wa Mashariki, ambao pikipiki zao za MZ zilikuwa nyepesi kuliko za wageni wale.

Ndani ya kisa hiki mna jambo la kutafakari. Mwaka uliotangulia, 1963, McQueen alikuwa ameonekana katika sinema ya The Great Escape, ambamo mtoro anaruka ua wa waya kwa pikipiki. Aliyeruka ua ule kwa kweli hakuwa McQueen; alikuwa Bud Ekins, akiwa amevaa nguo kama zake. Katika sinema mtu aweza kurukiwa na mwenziwe na sifa zikabaki kwake. Lakini Erfurt hapakuwa na wa kumrukia McQueen, wala Bud Ekins hakuwa na mguu wa akiba katika mkoba wake. Kila mmoja alikwenda na mwili wake mwenyewe na bahati yake mwenyewe. Inampasa McQueen sifa kwa hilo: mtu aliyezoea kuhudumiwa alikwenda kwa hiari mahali ambapo huduma imekatazwa. Na yapasa ikumbukwe na kila afungaye mzigo kwamba mifupa ya mtu ni sehemu zisizo na vipuri, tena zenye alama isiyofutika. Aziwekaye hatarini kwa ajili ya dakika mbili amefanya hesabu mbaya, hata dakika hizo akizipata.

Fikira hii ya kwenda na kichache imepata matawi mengine. Mashindano ya jangwani yaliyoanzishwa na Mfaransa Thierry Sabine, ambayo msafara wake wa kwanza uliondoka Paris mwezi wa Desemba 1978 ukafika Dakar mwezi wa Januari 1979, leo huendeshwa Saudi Arabia tangu mwaka 2020. Humo limo kundi la waendeshaji wa pikipiki wasio na fundi wala gari la msaada. Vipuri na zana zao hutiwa katika sanduku la lita 80, na waandalizi huwachukulia sanduku hilo kutoka kambi hata kambi. Wenziwao wakiingia kambini jioni hukabidhi pikipiki kwa mafundi na kwenda kula. Wao huketi mchangani mbele ya sanduku, wakaosha chujio la hewa, wakabadili mafuta na matairi, ndipo wakatafuta chakula na usingizi uliobakia. Lita 80 ni mahali padogo sana pa kuwekea hofu za wiki mbili. Na kwa sababu hiyo hapana sanduku lililopangwa kwa utulivu zaidi ya lile.

Yamkini mtu wa dunia atauliza: taabu yote hii ni ya nini? Wanaume na wanawake wazima hutumia fedha nyingi na miezi mingi, ili wazunguke msituni siku sita na kurudi pale pale walipoanzia. Swali ni la haki. Wala jibu lake lisitafutwe katika medali, kwa kuwa medali ni kipande cha madini, na wengi hurudi bila hicho. Lakini ni mara ngapi katika maisha mtu hupewa nafasi ya kujua kwa yakini anachokihitaji? Nyumba hujaa vitu vilivyonunuliwa kwa ajili ya siku isiyokuja. Ofisi hujaa majalada yasiyofunguliwa. Vichwa hujaa elimu iliyokaririwa, ambayo siku ya kuitwa haiitiki. Kote huko mtu aweza kuongeza na kuongeza bila kuadhibiwa, kwa kuwa yuko mwingine atakayembebea, au haiji saa ya kujaribiwa. Jaribio la Siku Sita huileta saa hiyo kwa tarehe iliyotangazwa, na humlazimisha mtu kubeba mwenyewe matokeo ya kuchagua kwake.

Kwa hiyo siku ya mwisho ya maandalizi, kabla pikipiki haijapelekwa kutiwa alama, aliyefunzwa vema hufanya jambo moja zaidi. Huufungua mkoba wake, akatoa kila kilichomo, akakitaja jina na kazi yake, kisha akakirudisha mahali pake, huku amefumba macho. Kila mkono unachokifikia bila kukosea, ni chake. Kilichotafutwa, kilichopapaswa mara mbili, kilichodhaniwa kuwa kingine, hicho hukiweka kando. Hufunga mkoba ukiwa mwepesi zaidi kuliko ulivyofunguliwa, akaenda kulala mapema. Kwa maana usingizi nao ni masurufu, na hapana msaidizi awezaye kumchukulia.